Tairi Lisingojewe Mpaka Lipasuke

Masika yanapokaribia, wenye nyumba hupanda juu kutazama makuti na mabati yao, wakulima hutazama majembe yao, na wavuvi wa Fumba huvipandisha vyombo vyao pwani, wakavilaza ubavu, wakaziba nyufa kwa pamba na kupaka sifa. Hapana mvuvi mwenye akili angojaye mpaka maji yajae chomboni, katikati ya Ghuba ya Menai, ndipo aulize kama mbao zake zimefunguka. Lakini juu ya nchi kavu, katika barabara iendayo Fumba kwa kupitia Kombeni na Dimani, tunaona kila siku vijana wetu wa bodaboda wakichukua abiria juu ya matairi yaliyokwisha, laini kama kiganja cha mkono. Ukiwauliza ni lini watayabadili, jibu lao ni moja: "Bado linakwenda." Jibu hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Huenda wakatokea wasomaji watakaosema kwamba ukurasa huu ni wa mambo makubwa, na kwamba tairi la pikipiki ni jambo la fundi wa pancha na mteja wake. Sisi hatukubaliani nao. Jambo huwa kubwa au dogo kwa kadiri ya roho za watu zilizotundikwa juu yake. Fumba ya leo siyo ile iliyojulikana kwa uvuvi na kilimo tu. Tangu rasi hiyo ilipotangazwa kuwa eneo huru la uchumi mwaka 1992, na hasa katika miaka hii ya karibuni ambapo majumba mapya yanainuka Nyamanzi na Fumba yenyewe, watu wanaopita njia hiyo wamekuwa wengi. Mwashi atokaye Mwanakwerekwe alfajiri, mhudumu wa hoteli, mwanamke mwenye ndoo ya samaki, mwanafunzi aliyechelewa, na mama aliyebeba mtoto mwenye homa, wote hao hupanda pikipiki. Chombo kilichopata jina lake Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli walikuwa wakivusha watu toka mpaka hadi mpaka, leo kimekuwa miguu ya wananchi wetu. Na miguu hiyo imesimama juu ya vipande viwili vya mpira, ambavyo kila kimoja, pale kinapogusa ardhi, hakizidi sana upana wa kiganja.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazowaua zaidi watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Sehemu kubwa mno ya vifo hivyo hutokea katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Basi tunapozungumza habari ya tairi, tunazungumza habari ya nguvu kazi ya taifa. Kijana anayevunjika mguu akiwa na miaka 22 hapotezi mguu tu. Nyumba yake inapoteza mlezi, na nchi inapoteza mkono uliokuwa unajenga.

Tatizo letu la kwanza limo katika fikira. Pikipiki ikianguka, husikii watu wakiuliza tairi lilikuwa la namna gani. Husikia wakisema, "Ajali haina kinga," kisha wakatikisa vichwa na kwenda zao. Sisi tunaiheshimu hekima ya wazee, lakini twaona kwamba msemo huu umetolewa mahali pake na kutumiwa pasipo pake. Wazee walipousema walikuwa wakimfariji mtu aliyekwisha kufanya kila linalompasa, na bado msiba ukamfika. Hawakuusema ili mtu aliyeacha wajibu wake apate pa kujificha. Wazee haohao ndio waliotuachia usemi wa tahadhari kabla ya hatari, na ndio waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtu ambaye kwa miezi mitatu amelitazama tairi lake likitoka nyuzi, kisha likapasuka pale Bweleo na abiria nyuma yake, hana haki ya kusema kuwa ilikuwa kudura. Kudura ya Mungu haikumkataza kwenda dukani.

Yafaa basi tueleze wazi tairi linafanya kazi gani, maana mtu hawezi kukilinda asichokijua. Ile mifereji iliyochongwa usoni mwa tairi haikuwekwa kwa mapambo. Barabara inapolowa, maji hukaa kati ya mpira na lami. Mifereji huyapokea maji hayo na kuyatoa pembeni, ili mpira upate kuishika njia. Tairi ambalo mifereji yake imekwisha halina mahali pa kuyapeleka maji; huyapanda, na kwa kitambo hicho pikipiki huwa inaelea. Ukishika breki wakati huo hushiki kitu. Ukigeuza usukani haugeuki mwendo. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kupita zote, kwa sababu vumbi na mafuta yaliyodondoka barabarani kwa miezi huchanganyika na maji machache yakawa utelezi kama wa sabuni. Tukumbuke pia kwamba gari likiteleza hubaki juu ya magurudumu yake manne, lakini pikipiki ikiteleza huanguka.

Wako waendeshaji wanaobisha. Husema kwamba tairi lenye kipara hushika zaidi, na hutoa ushahidi wa pikipiki za mashindano za ng'ambo, ambazo matairi yake hayana mifereji hata kidogo. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mtupu. Ni kweli kwamba katika mashindano, njia ikiwa kavu, hutumika matairi yasiyo na mifereji. Lakini matairi hayo yalitengenezwa hivyo tangu kiwandani, kwa mpira laini unaonata ukipata moto, na hutumika kwa muda mfupi mno kisha yakatupwa. Tena mvua ikinyesha, waendeshaji hao huyatoa na kutia mengine yenye mifereji. Tairi letu la bodaboda lilikuwa na mifereji likaipoteza; mpira uliobaki ni mwembamba, umekauka kwa jua, na chini yake zimekaribia nyuzi. Kulilinganisha na lile la mashindano ni sawa na kulinganisha mtu aliyenyoa kichwa na mtu aliyepukutika nywele kwa maradhi.

Sasa, ni lini tairi libadilishwe? Jibu la swali hili haliko katika kubahatisha. Watengenezaji wenyewe wameliandika ubavuni mwa tairi, nasi twawaomba wasomaji wetu walitafute. Katika matairi mengi utaona pembetatu ndogo, au herufi tatu T, W na I. Fuata alama hiyo kwa kidole mpaka ndani ya mfereji, nawe utakuta kipande kidogo cha mpira kilichoinuka kidogo kutoka chini. Kipande hicho ndicho shahidi. Uso wa tairi ukiisha mpaka ukawa sawa na kipande hicho, tairi limekwisha, hata kama mwenyewe anaona lingali zuri. Kwa kawaida, katika matairi ya pikipiki, shahidi huyo ana kimo cha milimita 0.8. Katika nchi nyingine sheria ni kali zaidi: Uingereza hutaka mfereji usipungue milimita 1 kwa pikipiki zenye injini kubwa kupita sentimita za ujazo 50, na Ujerumani hutaka milimita 1.6. Wenye busara hawangoji hata kipimo hicho, maana uwezo wa tairi kutoa maji hupungua kidogo kidogo, tangu mifereji inapoanza kuwa mifupi, wala hauishi ghafla siku moja. Asiye na chombo cha kupimia na achukue kijiti cha kiberiti, akisimamishe ndani ya mfereji, atie alama kwa ukucha, kisha akipime kwa rula ya mtoto wake wa shule. Kazi hiyo haichukui muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Lakini kina cha mifereji si kipimo pekee. Tairi huzeeka kama kizeekavyo kila kitu. Ubavuni mwake, karibu na herufi D, O na T kwa matairi yenye herufi hizo, huandikwa tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lililoandikwa 2319 lilitoka kiwandani katika juma la 23 la mwaka 2019. Ushauri unaotolewa na watengenezaji ni kwamba tairi likitimiza miaka mitano litazamwe kwa makini kila mwaka, na likifika miaka kumi liachwe, hata kama mifereji yake ni mirefu. Jua na joto la nchi zetu huukausha mpira ukapasuka nyufa ndogo ndogo. Kwa hiyo mtu anayenunua tairi kuukuu kwa bei ya chini, kwa kuwa ameona mifereji ipo, bila ya kusoma tarakimu hizo, anaweza kuwa amenunua mauti ya rahisi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa huvunja na mifupa.

Tena yako mambo ambayo yakionekana, tairi halina rufani. Uvimbe ubavuni ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimekatika. Mpasuko unaoonyesha nyuzi hauzibwi. Na ile desturi ya kuchomeka kipande cha tairi kuukuu ndani ya tairi lililotoboka, ili tyubu isichungulie nje, ni ya kumfikisha mtu kwa fundi aliye karibu, siyo ya kubebea abiria kwa miezi. Vivyo hivyo, anayenunua tairi jipya na atie tyubu mpya pamoja nalo, kwa sababu tyubu ya zamani imekwisha kuvutika, na viraka vyake vina umri wake.

Upo pia mtindo wa kubadili tairi la nyuma na kulisahau la mbele. Sababu yake yaeleweka: la nyuma ndilo linalosukuma na kubeba mzigo, kwa hiyo huisha mapema, na hasa katikati, kwa kuwa njia zetu nyingi zimenyooka. Lakini mtu anaposhika breki, uzito wote huinamia mbele, na tairi la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuisimamisha pikipiki na yote ya kuiongoza. Likiteleza la nyuma, mwendeshaji hodari huenda akajiokoa; likiteleza la mbele, hata hodari huanguka. Na upepo usipuuzwe. Tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo mzito hujikunja kila linapozunguka, likapata moto, likachoka kabla ya wakati wake. Lenye upepo uliozidi huisha katikati na kudunda juu ya mawe. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, na kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji wa pikipiki. Kubonyeza kwa kidole gumba si kupima.

Hayo yote, twaamini, waendeshaji wengi wanayajua kwa uzoefu, ingawa si kwa milimita. Basi kwa nini hawabadili? Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu, nasi hatutaki kupita pembeni. Hawabadili kwa sababu, katika hali nyingi, anayepanda pikipiki siye mwenye pikipiki. Kijana hupewa chombo asubuhi kwa sharti la kupeleka hesabu jioni. Hesabu haina mvua wala jua. Abiria wapatikane wasipatikane, hesabu ni ileile. Kilichobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chakula cha kijana na wanawe. Sasa tairi likiisha, ni nani alinunue? Mwenye pikipiki husema, "Wewe ndiwe uliyelimaliza." Kijana husema, "Mali ni yako." Na wakati wawili hao wanabishana, tairi linaendelea kuisha, na abiria, ambaye hakuitwa katika shauri hilo, ndiye anayeketi juu ya hukumu yake.

Uko na mtindo wa pili, wa mkataba, ambapo kijana hulipa kila siku kwa muda waliopatana, na mwisho wake pikipiki ikawa yake. Mtindo huu una heri ndani yake, maana humfikisha mnyonge kwenye kumiliki chombo chake cha kazi, na hilo ni jambo ambalo Chama kimelipigania siku zote. Lakini mikataba mingi ya namna hiyo huandikwa na upande mmoja. Matengenezo yote humwangukia kijana, na akikosa malipo ya siku chache hunyang'anywa pikipiki pamoja na jasho lote alilokwisha kulipa. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo akiwa na fedha mkononi, hataipeleka kwa muuza matairi. Ataipeleka kwa mwenye mkataba, kwa kuwa tairi laweza kungoja kesho na mwenye mkataba hangoji. Tukimwita kijana huyo mzembe na kuishia hapo, tutakuwa tumesema robo ya haki.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliufundisha umma wetu kuutambua unyonyaji popote unapovaa nguo mpya. Hatusemi kwamba kila mwenye pikipiki ni mnyonyaji. Wengi wao ni walimu, wauguzi na mama wa nyumbani waliojinyima ili wapate pikipiki moja. Lakini yeyote anayepokea faida ya chombo kila jioni, huku akikataa kabisa kubeba gharama ya usalama wake, huyo anakula tunda na kumwachia mwenzake miiba. Faida iliyotoka katika tairi kipara imekopwa kutoka uhai wa mtu mwingine. Na deni la namna hiyo, siku linapodaiwa, halidaiwi kwa shilingi.

Wako watakaotujibu kwamba fedha hazipo. Na tufanye hesabu, kwa mfano tu, kwa kuwa bei hutofautiana. Tuseme tairi ni shilingi 60,000, na kwamba kwa kazi ya kila siku linadumu siku 240. Gawanya, utaona kwamba gharama yake ni shilingi 250 kwa siku. Wakigawana nusu kwa nusu mwenye pikipiki na mwendeshaji, kila mmoja atatoa shilingi 125. Hakuna hesabu ya jioni itakayovunjika kwa kiasi hicho. Kinachowashinda watu ni kwamba shilingi 60,000 hutakiwa zote kwa siku moja, na siku hiyo hazipo. Dawa yake ni ya zamani, nayo ni haba na haba hujaza kibaba. Fedha ya tairi itengwe kila siku tangu tairi jipya linapofungwa, isingojewe siku linapokwisha.

Kwa hiyo twapendekeza mambo ambayo hayahitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Kwanza, kila mapatano baina ya mwenye pikipiki na mwendeshaji, yawe ya hesabu au ya mkataba, yaandikwe, na yaseme waziwazi nani analipia matairi na kwa sehemu gani. Na yaseme pia kwamba siku tairi likifikia alama yake, hesabu ya siku hiyo itakwenda kununua tairi. Pili, kila kituo cha bodaboda, kuanzia Fumba, Bweleo na Nyamanzi mpaka mjini, kiwe na mfuko wake wa matairi chini ya uongozi uliochaguliwa na waendeshaji wenyewe. Ishirini wanaonunua pamoja hupata bei ambayo mmoja haipati, na humlazimisha muuzaji aonyeshe tarakimu za mwaka wa tairi kabla ya fedha kutoka. Huo ndio ushirika, na ushirika haukuzaliwa kwa ajili ya karafuu na pamba peke yake.

Tatu, tunapendekeza vituo vyote viwe na majuma mawili ya ukaguzi kwa mwaka: moja mwezi wa Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei, na jingine mwezi wa Septemba, kabla ya vuli ya Oktoba hadi Disemba. Katika majuma hayo waendeshaji wakaguane wao kwa wao, na askari wa usalama barabarani waje kama walimu. Zanzibar inayo Sheria yake ya Usafiri Barabarani, Namba 7 ya mwaka 2003, na sheria ni lazima itiiwe. Lakini askari anayetoza faini kisha akamruhusu mtu kuondoka juu ya tairi lilelile, amekusanya fedha, hakuokoa maisha. Bora amwambie: pikipiki hii italala hapa mpaka tairi lije. Na mwenye pikipiki aitwe, asiachwe kijana peke yake mbele ya askari.

Kwa wafanyabiashara wa vipuri tunayo maneno mafupi. Tairi lililokaa dukani miaka mingi, likipigwa na jua mlangoni kama bendera, lisiuzwe kwa jina la jipya. Taasisi ya Viwango ya Zanzibar ipo kwa ajili ya kumlinda mnunuzi, nasi twatarajia kwamba jicho lake litafika hata kwenye vibanda vya njiani, siyo bandarini tu. Na kwa abiria twasema: nanyi mnayo kura katika jambo hili. Kabla ya kupanda, tupeni jicho chini. Mtu ambaye hanunui samaki bila ya kumtazama macho na mashavu, kwa nini ampande mtu pikipiki bila ya kutazama tairi? Siku abiria watatu wakikataa pikipiki moja asubuhi moja, tairi litapatikana kabla ya adhuhuri.

Tusiliache jambo hili bila ya kugusa upande wake wa taifa. Nchi yetu iliwahi kutengeneza matairi yake yenyewe. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969, kilisimamisha uzalishaji mwaka 2007. Jirani zetu wa Kenya nao walikuwa na kiwanda cha matairi Nairobi, kilichoanzia mwaka huohuo wa 1969 kwa jina la Firestone, nacho kikafungwa mwaka 2016. Leo pikipiki zetu zinatoka India na China, na matairi yake vivyo hivyo, hali miti ya mpira ipo papa hapa Unguja na Pemba, na utomvu wake unagemwa. Hatusemi kwamba kiwanda kitainuka kesho kwa kuandika makala. Twasema tu kwamba taifa linalonunua kila tairi kwa fedha za kigeni lina sababu mbili za kulitunza: ya kwanza ni roho za watu wake, na ya pili ni mfuko wake. Tairi lililotiwa upepo sawasawa na kupakiwa mzigo wa halali hudumu; na linalodumu ni fedha iliyobaki nyumbani.

Twajua kwamba wako watakaosema tumewabebesha mzigo wale walio maskini kuliko wote. Dau la mnyonge, walisema wahenga, haliendi joshi. Ni kweli, na ndiyo maana hatukumtaja mwendeshaji peke yake. Tumemtaja mwenye mali kwanza, kwa kuwa ndiye aliye na uwezo. Tumemtaja muuzaji, askari na abiria. Lakini hatuwezi kumwacha mwendeshaji nje ya wajibu, kwa kuwa kumwambia mtu kuwa yeye ni mnyonge tu, hana analoweza kufanya, ni kumvunjia heshima. Kijana ashikaye usukani ndiye nahodha wa chombo. Nahodha hodari ana haki ya kusema, "Chombo hiki leo hakiendi baharini," na mwenye chombo anapaswa kumsikiliza. Haki hiyo ya kukataa tunataka iandikwe katika mapatano, na iheshimiwe, wala kijana asinyang'anywe kazi kwa kuitumia. Hapo ndipo swali la lini tairi libadilishwe litakapotoka katika mfuko wa mtu mmoja aliyebanwa, likawa shauri la watu wenye haki sawa.

Basi, ndugu wananchi, mambo yenyewe ni haya, na kila mmoja anaweza kuyashika kichwani. Tairi likifikia alama yake, libadilishwe. Likivimba, likipasuka au likionyesha nyuzi, libadilishwe siku ileile. Likitimiza miaka yake, libadilishwe ingawa linaonekana zima. Gharama yake itengwe kila siku, na itolewe na wote wanaokula faida yake. Masika hayamngoji mtu amalize kubishana na mwenziwe juu ya shilingi 125. Wazee wa vituo na wenye pikipiki wa Fumba na waanze wao juma hili, waketi chini ya mwembe mmoja, waandike mapatano yao, na vituo vingine vya Unguja vitafuata. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Tairi jipya laweza kuja leo.